Kiti cha Katikati

Katika bendi ya Profesa Burdette, mpiga tarumbeta wa kwanza alikaa katikati ya wenzake, na kiti hicho kilikuwa cha Lonzo Tisdale tangu enzi ambazo bendi haikuwa hata na suti za kufanana. Wenzake walisimama mbele, wakapiga peke yao, wasichana wakawapungia mikono. Lonzo hakusimama. Kazi yake ilikuwa kuwabeba wengine kwa sauti za juu, na wimbo wa mwisho ulipofika, kuipanda ile ya juu kuliko zote ambayo watu wa Tulsa na Muskogee waliingoja tangu wanavaa viatu nyumbani.

Sasa mdomo si chuma. Kufikia kiangazi cha mwaka wa thelathini na tisa, Lonzo alikuwa amechoka uchovu usiotolewa na usingizi, na usingizi wenyewe alikuwa akiupatia kwenye basi, ameketi, maana hoteli za Oklahoma hazikulaza weusi. Alikula soseji baridi na mkate wa mahindi huku kifuko cha tarumbeta kiko mapajani. Mdomo wake wa juu ulipasuka, ukapona, ukapasuka tena pale pale. Akaanza kuusugua kwa shabu, lile jiwe jeupe la kukausha vidonda, kama wakongwe wa kazi, na ajabu, ile sauti ya mwisho ikarudi. Ilitoka safi hata siku ambazo yeye mwenyewe alihisi kapuliza hewa tupu.

"Shabu hii ni dawa," alimwambia Vernell Gaddis, kijana wa Texas aliyekaa kulia kwake na kupiga tarumbeta la pili.

"Naona, kaka. Umerudi ujanani," alisema Vernell, macho yakiwa dirishani.

Walipofika Muskogee, jino lilimvimbisha Vernell shavu. Bi Odessa Crump, mama wa nyumba walikofikia, akagoma kumruhusu atoke.

"Huyu haendi popote," alisema. "Profesa akimtaka, aje mwenyewe. Atanikuta mlangoni."

Wakaenda ukumbini bila yeye. Wimbo wa mwisho ulipofika, Lonzo alivuta pumzi, akapanda, akapuliza. Saksafoni zilimaliza, ngoma zikamaliza, na pale palipotakiwa ile sauti pakabaki tundu ambalo ukumbi mzima ulilisikia.

"Baba, leo tarumbeta limelewa kabla ya mwenyewe," akasema mcheza dansi mmoja karibu na jukwaa. Watu wakacheka, wala si kwa ubaya, wakaanza kutafuta kofia zao.

Lonzo hakucheka. Alitamani kuilaumu shabu, lakini hakuwa mjinga kiasi hicho. Katikati ya makelele ya bendi nzima ni vigumu mtu kutenga sauti yake na ya jirani, hasa jirani akiwa hataki ujue. Aliona aibu, kisha akapandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomfikisha asubuhi kwenye baraza ya Bi Odessa, ambako Vernell alikuwa amekaa, kitambaa kimefungwa tayani.

"Tangu lini?" Lonzo aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto, Vernell. Jana niliipanda peke yangu."

Vernell akainamisha kichwa. "Tangu tulipopiga Wichita. Nilikuona unatoka damu. Nikasema nikushike mkono kwa ile ya juu, siku moja tu."

"Siku moja gani hiyo isiyokwisha?"

"Ungefanyaje, kaka? Ungeshuka kwenye basi uende kubeba mizigo ya wazungu stesheni?"

"Profesa anajua?"

"Profesa ana masikio."

Basi wote walijua. Lonzo angeona afadhali wangemtukana.

Vernell alipopona, walipiga muziki Okmulgee. Kabla watu hawajajaa, Lonzo alichukua karatasi zake za nota, akaziweka mbele ya Vernell, na kuzivuta za pili upande wake.

"Sogea katikati."

"Kaka, kaa mahali pako. Watu wanatazama."

"Waache watazame. Sogea kabla sijabadili nia."

Profesa aliwatazama wakibadilishana viti. Akahesabu, bendi ikaanza, kana kwamba mambo yalikuwa hivyo siku zote, na hilo lilimuuma Lonzo zaidi kuliko kile kicheko cha Muskogee. Alitegemea Profesa walau ashangae.

Wimbo wa mwisho ukafika. Lonzo alishika sauti yake ya chini, nyepesi, isiyomtonesha hata kidogo, na juu yake Vernell akapanda. Sauti ile ilijaza ukumbi, ikatoka nje kwa madirisha, pana na yenye nguvu kuliko yoyote aliyowahi kuisikia kwenye bendi hii. Ndipo Lonzo alipoelewa kwamba tangu Wichita kijana alikuwa akiipunguza, ili ifanane na yake.