Kiti cha bibi kilikuwa kitupu

Leo alasiri nilifikiri bibi yangu amekufa. Naandika haraka, mniwie radhi kwa makosa.

Kwa miaka miwili magoti yamemlazimisha aswali kitini. Kine wa dispanseri, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alisema misuli ya mapaja imelegea, ndiyo maana magoti yanabeba mzigo wote. Tangu nimalize shule, mimi ndiye ninayemfanyisha mazoezi: kukaa na kusimama, kisha kuinua mguu uliofungwa kifuko cha mchanga.

Akiwa chumbani, huwa nayasikia magoti yake yakilia kupitia ukuta.

Ka. Ka. Ka.

Leo, kimya.

Nikaingia. Kiti kitupu. Ndala zake zimepangwa chini yake, kama za mtu asiyezihitaji tena.

Bibi alikuwa sakafuni, ng'ambo ya kitanda, paji la uso chini.

Nikamwita. Hakujibu.

Nikanyoosha mkono, lakini sikuthubutu kumgusa. Niliogopa kukuta baridi.

Halafu: ka.

Mgongo wake ukainuka polepole. Akakaa. Akageuza uso kulia, kisha kushoto. Ndipo nikauona mkeka. Alikuwa anaswali, na anayeswali hajibu. Sikuwaza hilo, maana sijamwona akisujudu sakafuni tangu magoti yamshinde.

"We mutoto, ulizani mi nimekufa?"

"Ndiyo, bibi."

"Apana. Kesho ongeza muchanga mu kile kifuko."

Sasa hivi yuko upande wa pili wa ukuta. Ka. Ka.

Na ninyi, kuna mtu nyumbani mnayemsikiliza hivi?