Ruta ya Machame Iliyosahau Kuuliza

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mitambo hakunionyesha hata kiti. Alinikabidhi waya wa kuunganisha kompyuta na ruta, akasema, "Dada, hapa hatuchezi kompyuta. Tunapeleka sauti za watu." Nilikuwa msichana wa Rau, kando ya mji wa Moshi, mwenye maneno mengi ya darasani na kazi kidogo mno mikononi.

Ninyi vijana mna intaneti mfukoni, hamjui tulivyohangaika. Hospitali yetu pale mjini Moshi ilirusha mafunzo ya wauguzi kila alasiri kwenda vituo vya afya vya mlimani, na njia ya mawasiliano ilikuwa nyembamba. Basi tukatumia matangazo ya kikundi: picha na sauti zinatoka mara moja tu, kisha ruta, mtambo unaoelekeza njia, inazinakili pale njia zinapoachana, kama maji ya mfongo, mfereji wetu wa Kichaga, yanavyogawiwa mashambani. Lakini ruta haimpi asiyetaka. Kwenye kila intafesi, yaani mlango wa ruta, unawasha itifaki, kanuni ya mitambo kuzungumza: kwanza ya kuelewana na ruta nyingine, halafu ya uanachama. Hii ya pili ndiyo inayouliza kila mara: kuna anayesikiliza? Kompyuta ikijibu, matangazo yanaendelea. Kukiwa kimya, mlango unafungwa. Usahau amri ya kuiwasha kwenye mlango mmoja tu, umekwisha.

Mkuu wa Mitambo alistaafu, akaja Meneja wa Mtandao, mtu wa tai na haraka. Siku moja akaniita.

"Mama, kituo cha Machame juu hakijawa na msikilizaji tangu masika yaanze. Kiondoe, tuokoe njia."

"Niende kwanza nikaone."

"Ukaone nini? Hakuna mtu kule!"

"Yupo Muuguzi Aikande, bosi. Kompyuta yake nilimfungia mwenyewe."

Nikapanda, matope hadi magotini. Nilimkuta Aikande amekaa mbele ya skrini nyeusi, sweta mwilini, kalamu mkononi. Alikuwa muuguzi pekee wa kituo kile, mjane, na jioni zake zote zilikuwa za ukimya.

"Unakaa hapa kila siku na hakuna kitu?"

"Nikakae wapi tena? Hii ndiyo saa pekee ninayosikia mtu akizungumzia kazi yangu. Nilidhani ninyi ndio mmenichoka."

Nikachomeka waya. Loo! Fundi aliyeleta ruta mpya, baada ya ile ya zamani kupigwa na radi, hakuwasha itifaki ya uanachama kwenye mlango wa kituo. Kompyuta ya Aikande ilikuwa ikiomba kuunganishwa, ruta haina habari. Watu mjini walisema hajibu, kumbe hakuna aliyemuuliza. Nikaandika amri, picha ikarudi, Aikande akalia bila kujificha. Nami nikalia, machozi yangu yako karibu kama hasira zangu. Meneja nilimwambia tu, "Mtu yupo." Ningeongeza neno ningemtukana.

Sasa nimestaafu, naishi Shirimatunda, hapahapa Moshi. Mume wangu ametangulia, watoto wako Dar. Nyumba ni kubwa na kimya, na msiniambie nifuge kuku, ninao. Upweke unauma, nasema wazi. Katika watu wote niliofanya nao kazi, aliyebaki ni Aikande, naye amestaafu, yuko kwake hukohuko Machame. Kila Jumamosi nampigia.

"Upo?"

"Nipo, mwenzangu. Wewe je?"

Basi, hayo yananitosha wiki nzima.

Tangu mvua zianze, simu yake inaita tu. Mwanangu ameniambia, "Mama, achana nayo. Labda hayupo tena." Wee! Maneno hayohayo niliambiwa zamani, kuhusu mtu huyohuyo. Naogopa nitakachokikuta, sitawaficha. Lakini sukari na mkate nimeshanunua, na buti ziko mlangoni.

Kesho asubuhi napanda Machame.