Mgomba Waliouzika kwa Jina Langu

Nilifika kijijini kwetu Karambi jua likiwa bado juu, sanduku begani, nikakuta makaburi mawili nyuma ya nyumba ya mama. Moja lilikuwa la udongo mbichi. La pili lilikuwa limeota nyasi, na kwenye msalaba wake wa mti mtu alikuwa amechonga jina: Thembo. Thembo ni mimi.

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mama Kavira, mwanamke wa Butembo, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, aliyekuwa akiuza vitenge na samaki wa chumvi sokoni Bwera, rafiki wa mama wa miaka mingi. Alikuwa ameniona nikishuka kwenye lori pale sokoni, akapiga ishara ya msalaba, akanifuata njia nzima. Sasa akasema.

"Thembo, baba, usikasirike. Ile mupya ni ya mama yako. Ile ingine ni yako."

"Yangu vipi? Mimi si huyu hapa? Ndani mna nani?"

"Hamuna mutu. Iko mugomba tu."

Watu wa kwetu wanajua maana yake. Mtu akifia mbali na mwili usirudi, wanakata mgomba wa kimo chake, wanauvika sanda, wanauzika, ili roho yake ipate pa kulala. Mimi walinikata, wakanivika, wakanililia. Wakati huo nilikuwa Japani ninakula wali.

Nianze mwanzo, maana hadithi hii imeshasimuliwa sana na waongo.

Kasese, miaka ile ya sitini ikielekea kwisha, nilikuwa kibarua wa mgodi wa shaba. Mke wangu alikuwa amefariki wakati wa vita vya milimani, watu wetu walipopigania kujitawala, mtoto sikujaliwa, nikabaki na mama na shamba lake la kahawa. Shaba yetu ilikuwa inanunuliwa na Wajapani. Siku moja wakaja wageni wao, wakataka vijana wawili waende kwao kujifunza kazi ya tanuru la kuyeyushia shaba. Nikachaguliwa mimi kwa sababu ya mikono, na Baluku Erisa kwa sababu ya Kiingereza. Baluku ni mtoto wa jirani yetu. Yeye alisoma. Mimi nilitoka darasa la tatu, ndiyo maana naandika hivi ninavyoandika.

Asubuhi ya kuondoka, mama alinisindikiza hadi sokoni Bwera. Mawingu yalikuwa yamefunguka, ile nyeupe ya juu ya mlima inaonekana. Akainyoshea kidevu.

"Tangu nazaliwa naiona tu," akasema. "Wanasema huko unakokwenda inaanguka mpaka mlangoni kwa watu. Uiguse, Thembo. Halafu uje uniambie ikoje."

"Nitakuletea kwenye chupa, mama."

"Mjinga wewe. Uniletee maneno tu."

Kutoka Kasese tulipanda treni, nyuma yetu mabehewa ya mawe ya shaba. Mawe yakaachwa Jinja yakayeyushwe, sisi tukaenda mbele. Mombasa tukapandishwa meli ya mizigo iliyobeba vipande vya shaba ile ile ya kwetu. Nilikuwa napita karibu na mlango wa chini navisalimia: "Habari zenu, watu wa nyumbani?" Mabaharia wakacheka. Baluku hakucheka. Alitapika safari nzima, na kichwa chake nilikishika mimi. Hilo nataka liandikwe.

Japani, mji wetu ulikuwa kando ya bahari, na bomba la moshi la tanuru limesimama juu yake kama kidole. Tulipangishwa nyumbani kwa mama mmoja mjane, tukimwita Mama Sato. Siku ya kwanza niliingia na buti zangu mpaka kwenye mikeka yake. Hakupiga kelele. Alipiga magoti akanivua mwenyewe, mguu mmoja mmoja, na mimi mtu mzima nikaona aibu mpaka masikioni. Tangu siku hiyo sijaingia ndani ya nyumba na viatu, hata yangu. Majirani wa Bwera wananicheka.

Chakula kilinisumbua. Nilikuwa naota bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake. Lakini mtu anazoea. Nilizoea samaki asiyepikwa, nilizoea kuinama, nilizoea kuoga nje ya pipa kwanza ndipo niingie ndani ya maji ya moto nikae hadi mifupa ilegee. Hadi leo, nikichoka, mwili unadai yale maji.

Kazini kulikuwa na desturi moja. Kabla ya kugusa kitu chochote, unakinyoshea kidole na kukitaja kwa sauti kubwa. Koki, unanyosha: "Koki imefungwa!" Mnyororo, unanyosha: "Mnyororo mzima!" Wazee wenye mvi wanapiga kelele kama watoto wa shule. Nilimuuliza msimamizi sababu. Akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza, Baluku akanitafsiria: jicho linadanganya, mkono unadanganya, lakini ukinyosha na kutaja mbele ya wenzako huwezi kudanganya. Nilipenda sana. Baluku alichukia.

"Mimi na elimu yangu ninyoshee koki kidole? Mimi ni kichaa?"

"Nyosha, ndugu yangu. Ni shaba ya moto hii, haijui elimu."

"Wewe ndiwe uliyezaliwa kunyosha vidole. Nyosha."

Hakunyosha. Siku moja alifungua koki ambayo hakuitaja, moto ukaruka, mzee mmoja akaungua mkono. Mimi nilikuwa mbali, sikupata hata cheche. Baluku akatolewa tanuruni, akapewa ufagio. Akaomba arudishwe nyumbani.

Theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka. Siku ya kumuaga nilimpa salamu moja tu, maana mama hajui kusoma, na barua zangu zote za kwenda Kasese angezipokea yeye Baluku amsomee. "Mwambie mama nimeigusa. Mwambie kwanza inauma kama moto, halafu inakuwa maji tu mkononi. Mwambie haina harufu."

"Nitamwambia," akasema Baluku Erisa. Alinishika mkono kabisa.

Nilikaa miaka mingine kadhaa. Kila kiangazi wana siku za kuwapokea wafu wao. Jioni moja ya siku hizo Mama Sato alikuwa ameweka mlangoni tango lililotiwa vijiti vinne kama miguu. Nilitoka kazini na njaa, nikaliona, nikang'oa vijiti nikalila. Akatoka nje na kuni zake ndogo za moto wa kuwamulikia wafu njia, akatazama chini.

"Farasi yuko wapi?"

"Farasi gani, mama?"

Kumbe tango ndilo farasi wa marehemu mumewe, aje nyumbani upesi. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akacheka mpaka machozi. "Mwaka huu atakuja kwa miguu," akasema, "na atakuwa na hasira na wewe." Akauwasha moto vile vile. Tukachuchumaa wawili mlangoni tukimngojea mtu aliyekufa. Sijawahi kuwa na amani kama jioni ile.

Nilirudi kwa sababu barua zilikuwa hazijibiwi na roho ilikataa kutulia. Kasese niliikuta na vizuizi vya askari barabarani, maana jeshi lilikuwa limeshika nchi. Lori likanishusha Bwera, na yaliyofuata nimeshayasema.

Pale kaburini Mama Kavira alinieleza. Baluku alipofika nyumbani watu walimuuliza mbona amerudi mapema na mikono mitupu. Akaona haya kusema ufagio. Akasema tanuru lililipuka: "Thembo ameyeyuka, hata mfupa hakuna, mimi nimeponea chupuchupu." Wakanililia mimi, wakamshangilia yeye. Kisha akasema nilimwachia neno la mwisho kwamba alitunze shamba la mama. Na ili mtu asimuulize, alizificha barua zangu, akamwingiza katika mpango Sajini Juma wa kambi ya askari wagawane kahawa.

"Na mama?"

"Alikaa pale mulangoni anaangalia mulima. Kila siku anauliza: ule moto ulikuwa mukubwa? Mutoto yangu alisikia baridi kwanza, ao alisikia moto tu? Amekufa mwezi huu, Thembo. Umemukosa kidogo."

Nilipiga magoti nikamwambia mama pale pale. Inauma kama moto, halafu inakuwa maji tu. Haina harufu.

Nilikwenda kwa Baluku siku ile ile. Alinifungulia, uso ukawa kijivu. Sajini Juma ndiye aliyetoka ndani na kikombe cha chai.

"Nani huyu?"

"Ni Thembo, afande," Baluku akasema.

"Thembo si marehemu? Wewe maiti, nani alikupa ruhusa ya kutembea? Rudi kaburini! Kimbia!"

Wakacheka askari wake waliokuwa uani. Nilipelekwa kambini. Meno mawili nimeyaacha huko, na mkono wa kushoto haunyooki. Nilipotoka nilinyamaza, maana miaka ile aliyenyamaza ndiye aliyepona.

Sasa serikali ile imeanguka na askari wale wamekimbia. Sajini Juma alivuka daraja la Mpondwe kuingia Kongo kwa miguu, hana hata kofia. Shamba nimerudishiwa nusu. Lakini ukoo wetu una sheria yake: mtu aliyezikwa hahesabiwi hai mpaka mgomba wake ufukuliwe, na anayefukua ni yule aliyeleta habari ya kifo, mchana, mbele ya watu. Mpaka hapo siwezi kuoa, siwezi kusimama kwenye kikao, siwezi hata kumtengenezea mama kaburi lake, kwa sababu mimi ni marehemu wa pili wa boma lile. Nimemtumia Baluku wazee, akasema anaumwa mgongo. Nimemtumia katekista, akasema yamepita.

Nilichojifunza Japani ni kunyosha kidole na kutaja. Basi nanyosha mkono huu wa kulia, ulionyooka. Sajini Juma: ulinivunja, popote ulipo. Wazee wa ukoo: mlinizika bila kuuliza hata swali moja. Baluku Erisa, mtoto wa jirani: nilikushika kichwa ukitapika, nikakupa neno moja la kumpelekea mama yangu, ukampelekea lingine.

Siku ya soko Bwera hujaa, watu wote wapo, na kutoka huko hadi kaburini ni mwendo wa miguu tu. Jembe nimelinoa, nimelisimamisha kwenye msalaba wenye jina langu. Njoo, Baluku. Ufukue, na kila unapopiga jembe utaje kwa sauti ulichosema.