Sketi ya Mke Mwenza

Mume wangu alipostaafu ufundi wa mitambo bandarini Matrah, nilidhani sasa mtu wangu karudi. Miaka thelathini nilikuwa nikila masalio ya shifti: leo asubuhi, kesho usiku, siku ya Idi yuko kazini. Tukaahidiana kwamba miezi ya baridi, ambayo hapa Maskati ndiyo pekee mtu anaweza kukaa nje bila kuungua, itakuwa yetu wawili. Haikupita hata wiki mbili, akaingia uani na tela, juu yake limelala dude kama kitanda cha plastiki kilichobebeshwa pangaboi.

"Hovakrafti," akasema, uso unamng'ara. "Inakwenda majini, inakwenda mchangani. Haigusi chini, bibie. Inaelea juu ya upepo inaoupuliza yenyewe."

"Na mimi nnakwenda wapi?" nikamuuliza.

Hakunisikia. Keshaingia chini ya tela.

Nikalipa jina: mke mwenza. Mashoga zangu wakacheka, lakini mimi sikuwa na mzaha. Mke mwenza wa nyama na damu angekuwa na zamu yake na mimi yangu. Huyu alichukua siku zote saba. Kiangazi alilala chini ya turubai, maana joto linalegeza gundi na injini inachemka. Ikiingia baridi tu, kaamka. Kila akitoka baharini lazima aoshwe kwa maji matamu, chumvi isimle injini. Beringi zitiwe grisi, mkanda ukazwe, kila bapa la pangaboi lipapaswe kwa kidole kutafuta palipomeguliwa na kokoto. Mimi mgongo unanuma mwezi mzima, hata pole sipewi! Na akiwashwa pale kwetu Khuwair ya Kusini, madirisha yanatetemeka mpaka nyumba ya tatu. Ati mwenye kelele hana neno. Uongo mtupu.

Sasa, dude hilo limezungushiwa chini kitambaa kizito cha mpira kinachozuia upepo usitoke. Kinaitwa sketi. Kinasuguliwa na mawe, kinachanika, na kikichanika hakuna safari. Na nani mwenye cherehani nzito nyumbani? Mimi, mshona mabuibui.

"Nshonee sketi yake," akaniambia.

"Alaa! Yaani nimshonee mke mwenza nguo?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikashona. Baridi mbili nzima nilishona, kwa uzi wa nailoni alionunua mwenyewe, huku natukana kimoyomoyo.

Baridi ya tatu mdogo wangu wa Unguja alituita. Mume wangu alikuwa kashakubali twende, kwa ulimi wake. Tiketi hazijakatwa, akaja kwenye chumba changu cha kushonea na sketi imechanika urefu wa mkono. "Tusubiri kwanza baridi ipite," akasema. "Bahari imetulia sana siku hizi." Akaitua mezani akatoka.

Nilifungua mtoto wa meza. Uzi wa nailoni ulikuwepo. Nikachukua uzi wa pamba, ule wa kushonea foronya.

Sitajitetea kwa kutojua. Najua nyuzi kuliko nnavyojua watu. Nilitaka mshono uachie mchangani, mbele ya watu, aaibike, achoke na lile dude, arudi akae na mimi. Nilimtaka mume wangu, basi. Maji sikuyawaza kabisa.

Asubuhi yake nikafuatana nao, yeye na jirani yetu mwenye gari la kuvuta tela. Nilikwenda kutazama aibu. Mume wangu akazunguka mchangani mara tatu, mshono umeshika. Mara ya nne akageuza kichwa cha chombo baharini. Nikapiga ukelele, lakini kwa mlio ule nani atakusikia?

Hakufika mbali. Mlio ukabadilika, chombo kikainama upande mmoja, kikakaa juu ya maji. Hakizami, kimejazwa povu gumu la plastiki ndani, lakini bila sketi hakiendi popote, na kasia hana. Upepo wa asubuhi ulikuwa unatoka nchi kavu. Ukamsukuma kuelekea nje, polepole, mpaka nikawa sitofautishi tena kichwa chake na pangaboi.

Jirani akapiga simu huku na huku. Saa nzima nilisimama pale, viatu mkononi, namwomba Mola anirudishie mwanamume yule yule niliyekuwa nikimlaani tangu alfajiri. Mwisho akavutwa na boti iliyokuwa imewapeleka watalii kuangalia pomboo. Watalii wanampiga picha. Alishuka amelowa, midomo inamcheza kwa baridi.

Jirani akainua sketi, akaona mshono umeachia wote, mwanzo mpaka mwisho. "Kikulacho ki nguoni mwako, yakhe!" akasema, akacheka kwa utani wake.

Mume wangu hakucheka. Alichomoa kipande cha uzi, akakikata kwa vidole viwili, bila nguvu. Kisha akanitazama.

Nyumbani akauliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Nailoni ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Lakini wallahi nilitaka ikushinde mchangani, si majini!"

"Mimi nikiwa juu yake," akasema. Hakupandisha sauti. Angenitukana ningejua la kujibu, maana ulimi nnao.

Baridi hii imeingia, na mume wangu nnaye kila siku. Anakaa chumbani kwangu, mkabala na cherehani, anashona sketi ile kwa mkono, kwa sindano kubwa ya magunia. Anashona vibaya, pindo linakwenda upogo, anajichoma. Nimemwambia, "Lete nikushonee." Akasema, "Wacha tu." Nikamwambia basi kaa nikutazame ukishona. Akasema wacha tu.

Juzi kifungo cha kanzu yake kimekatika shingoni. Alikitia mfukoni, akavaa kanzu nyingine, akaipeleka ile kwa fundi cherehani wa mtaani.