Nilihama Mombasa na mtoto wa miaka sita, Nairobi ikamfundisha maana ya "nakuja"

Wakuu, sasa.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma, nacheka na comments zenu, naendelea na kazi. Leo nimeshindwa kupita.

Kuna dada aliuliza jana kwenye uzi mwingine. Ni single mother, yuko Mombasa, anataka kuhama na mtoto. Achague Nairobi, Nakuru ama Kisumu? Mmemjibu mambo ya rent, maji na shule. Mmoja amemwambia Nakuru ni safi. Sawa, ni safi.

Mimi nilikuwa huyo dada. Nitasimulia yaliyonipata kama yalivyo, sina sababu ya kuongeza chumvi. Ni ndefu kidogo, mwenye haraka aruke aende mwisho.

Mimi ni Mtaita, nimezaliwa na kukulia Mombasa, huko Mikindani. Nilikuwa nafanya kazi kwa kampuni ya clearing and forwarding, wale wa kutoa mizigo bandarini. Nina mtoto mmoja, msichana. Humu nitamwita Wakesho, ingawa si jina lake.

Baba yake alienda Dubai kutafuta, na akapata. Alichopata ni mke mwingine.

(Naona wale wa "ungemvumilia" wanajiandaa kuandika. Pitieni pembeni, hiyo si mada ya leo.)

Sasa, Mombasa ni mji mtamu lakini una mdomo. Nikienda dukani: "Mama Wakesho, babake hajambo? Anarudi lini?" Nikienda kanisani, swali ni lile lile, tena na mkono begani. Mpaka mama wa mahamri ananiuliza huku ananifungia mahamri. Na wote walijua vizuri kwamba harudi.

Nilichoka, wakuu. Nilikuwa natembea naangalia chini kama mtu aliyeiba.

Ofisi ikaanza kupunguza watu, nikajua zamu yangu inakuja. Marafiki wakanitafutia nafasi. Kulikuwa na kazi Nakuru na nyingine Nairobi. Kisumu kulikuwa na rafiki yangu wa college, Achieng, yeye mwenyewe ana watoto wawili. Aliniambia, "Njoo tu, kazi tutapata, tutalea hawa pamoja."

Nikakaa chini nikalinganisha miji kama mtu anayenunua friji.

Kisumu nikaitoa kwa sababu kazi haikuwa ya uhakika. Nakuru nikaitoa kwa sababu ni mji mdogo, nikahesabu kwamba baada ya mwezi wangekuwa wameanza kuuliza baba yuko wapi. Ikabaki Nairobi. Nilikuwa nimefika huko mara kadhaa kikazi na nikaona jambo moja: unaweza kupanda lift moja na mtu mwaka mzima na asijue jina lako.

Hapo ndipo nilipopapenda. Kusema ukweli sikuchagua mji. Nilichagua mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza mume wangu yuko wapi.

Mama yangu aliniuliza swali moja tu. "Huko unakokwenda, jirani yako ni nani?"

Nikamwambia, "Mama, Nairobi watu hawana jirani, wana caretaker." Nilicheka peke yangu.

Basi tukaja. Kwanza nilitafuta nyumba Kileleshwa, mtaa wa wenye pesa, maana nilikuwa na madharau ya mtu mgeni. Agent alinionyesha flat moja, akataja bei, nikajifanya nimepigiwa simu. Tukaishia mtaa wa Jamhuri, kwa SQ, kile kijumba cha wafanyakazi, nyuma ya nyumba ya mama mmoja tuliyemwita Mama Ciru. Chumba kimoja kikubwa na jiko. Kulikuwa na uwanja, ua wa miiba ya kai apple, na gate yetu wenyewe upande wa nyuma. Ofisi, nayo ya clearing, ilikuwa town, Moi Avenue.

Na Nairobi ilinipa nilichotaka. Miezi ikapita, hakuna aliyeniuliza kitu. Nilitembea town kichwa juu. Nilipumua, wakuu, siwezi kudanganya. Zile wiki za kwanza zilikuwa tamu.

Kwa Wakesho zilikuwa tofauti, lakini mimi nilikuwa naona ni vichekesho.

Alimwamkia Mama Ciru "shikamoo". Mama Ciru akasema, "Eh, poa sana mtoto." Shuleni akamwomba mwalimu ruhusa ya kwenda msalani, darasa zima likaanguka chini kwa kicheko. Akirudi nyumbani ananifundisha. "Mama, hapa hawasemi kitu changu. Wanasema kitu yangu. Ukisema changu wanakuita Mswahili."

Mtoto aliyekuwa akiongea kama redio akaanza kuongea kidogo kidogo, kama anayepima kila neno kwanza. Niliona. Nikasema atazoea.

Aliyemsaidia ni Mwende. Huyu alikuwa dada wa kazi, msichana wa Machakos, mcheshi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa kila kitu. Mwende hakumcheka. Alikuwa anamwambia, "Ongea hiyo Kiswahili yako nisikie, ni kama wimbo." Jioni nawakuta wamekaa mlangoni, mmoja anachambua sukuma, mwingine anasimulia. Nikapata amani ya kubaki ofisini mpaka kazi iishe.

Sasa tusimame hapo kidogo kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kuishi Nairobi.

Kwetu Mombasa mtu akitoka anasema, "Naenda narudi." Akisema "nakuja", basi anakuja, weka chai. Nairobi ni kinyume. Mtu anainuka mezani, anachukua koti, anakupa mgongo, anakuambia "nakuja". Yaani anaondoka. Pengine atarudi baada ya dakika tano, pengine humwoni tena maisha yako yote. Kila mtu wa Nairobi anaelewa. Mimi mwenyewe nilishaanza kulitumia, asubuhi nikifunga mlango: "Wakesho, nakuja."

Mtoto alilisikia kwa sikio la Mombasa.

Ilikuwa likizo ya Agosti, ile baridi yenu ya kuingia mpaka kwenye mifupa. Mchana Mama Ciru, ambaye siku hiyo hakwenda kwenye biashara yake, akanipigia simu ofisini.

"Mama Wakesho, kuja nyumbani. Huyu mtoto amekataa kutoka kwa gate."

"Mwende yuko wapi?"

"Mwende si ameenda. Nilimwona na bag asubuhi. Mtoto ananishow ati auntie amesema anakuja. Nikajua huyo basi ni kuenda ameenda."

Familia moja ya Kileleshwa ilikuwa imemchukua. Hilo ni jambo la kawaida huku, dada mzuri hakai muda mrefu bila kuibwa. Aliogopa kuniambia.

Nilimwambia Mama Ciru amwingize kwake. Akasema amejaribu, mtoto analia akiguswa. Boss alikuwa amekaa mbele yangu na mteja mkubwa. Nikasema nitatoka mkutano ukiisha. Mkutano haukuisha mapema.

Nilimkuta amekaa kwenye jiwe karibu na gate, amevaa sweta ya Mama Ciru inayomfika miguuni. Sahani ya chakula ilikuwa pembeni, haijaguswa. Komeo la gate alikuwa amelifungua na kulishikilia kwa mkono. Ule mkono ulikuwa wa baridi sana.

"Ingia ndani, mama."

"Auntie akija atakuta kumefungwa."

Nikapiga magoti pale kwenye majani. Nikamweleza polepole. "Mwanangu, Auntie amepata kazi kwingine. Nairobi mtu akiondoka husema nakuja. Ni kama kwaheri."

Akafikiri. Halafu akaniuliza, "Na mtu akija kweli, husema nini?"

Nikaubandua mkono wake kwenye komeo, nikambeba ndani.

Kuanzia siku hiyo asubuhi zikawa vita. Alikuwa hanishiki nguo wala halii. Anasimama tu mlangoni, ananiangalia nikifunga mkoba. Nilileta dada mwingine, kisha mwingine. Hakuwaita hata kwa majina yao, akawa anawaita "huyu". Mama Ciru alikuwa mtu mzuri lakini ana biashara yake Toi market, hayupo mchana. Ndugu sina. Rafiki yangu wa karibu kabisa Nairobi alikuwa receptionist wa ofisi, na nilikuwa sijui anapoishi.

Katika ule mji usiouliza maswali, sasa mimi ndiye niliyekuwa na swali na hakuna wa kumuuliza.

Disemba nikampeleka kwa mama yangu Mikindani. Nilisema ni muhula mmoja tu, nijipange.

Kila single parent humu anajua huo muhula mmoja.

Muhula ukazaa mwingine. Kazi nayo ilikuwa inanipenda, nikapandishwa cheo. Nilikuwa napiga simu kila Jumapili. Siku moja nikamwambia kwa furaha, "Pasaka nakuja."

Sauti yake ndogo ikauliza: "Nakuja ya huku, au nakuja ya Nairobi?"

Nikasema ya huko. Pasaka meli zikachelewa bandarini, mizigo ya wateja ikakwama, likizo yangu ikafutwa. Sikwenda. Hakuuliza tena.

(Naongeza hii baada ya kupost: nimeona mkuu mmoja hapo chini ameshaandika kwamba Mwende ndiye shetani wa hii hadithi. Hapana. Nilikutana naye baadaye kwenye supermarket moja Kileleshwa, amebeba mtoto wa watu. Kitu cha kwanza aliuliza ni Wakesho. Akaniambia, "Nilimwambia nakuja ndio asilie." Nikamwelewa kabisa. Nilikuwa nimetumia dawa hiyo hiyo.)

Mwaka jana, hatimaye, nikahamia Kileleshwa. Vyumba viwili vya kulala. Kimoja nikakipaka rangi, nikaweka kitanda na meza ya kusomea. Nikachukua likizo ya kweli, nikaenda Mikindani kumchukua mwanangu.

Ana miaka kumi na moja sasa. Mrefu. Lile domo la redio limerudi, nilimsikia kutoka barabarani akibishana na wenzake kwa Kiswahili chake chote. Aliponiona akanyamaza. Akaja, akanipa mkono kwa adabu, "Shikamoo mama." Akanipokea mkoba. Akaniletea maji ya matunda kwenye trei, na glasi imefunikwa kisahani.

Wakuu, mnajua ni nani anayeletewa glasi kwenye trei.

Nilikaa siku nne. Alinihudumia vizuri kuliko hoteli. Nilimwona akimkaripia nyanya yake kwa kusahau dawa, nikamwona akimlalia mapajani jioni, wakichekea kitu ambacho sikukijua mwanzo wake. Kwangu hakukosa adabu hata mara moja. Ningefurahi angenikosea, angalau kidogo.

Siku ya mwisho nikamweleza habari ya chumba. Rangi, meza, shule mpya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, mama. Lakini nyanya atabaki na nani?"

Nikasema nyanya anaweza kuja kututembelea.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Ni vile mtu mzima anavyomtikisia mtoto kichwa. Nilirudi Nairobi peke yangu. Nililia kwenye kile chumba mpaka nikaona aibu.

Sasa, somo. Dada yangu wa jana, sikuambii usije Nairobi. Kuna watu wamelea hapa na watoto wao wako sawa. Nakuambia usichague mji kwa sababu unakimbia midomo ya watu. Ile midomo iliyokuwa inaniudhi Mikindani ndiyo ingemwona mtoto wangu kwenye gate, ikamwita kwa jina, ikamlisha. Mtu anayekuuliza babake yuko wapi huwa pia anajua mtoto yuko wapi. Mimi nilitaka moja bila nyingine, na haiuzwi hivyo. Kabla hujauliza rent, jiulize ukichelewa kazini ni nani atamfungulia mwanao mlango, na kama huyo mtu atakuwepo mwaka ujao.

Achieng wa Kisumu tulipoteana. Bado namfikiria sana.

Namalizia na jambo lililonifanya niandike.

Wiki iliyopita nilimpigia Wakesho. Nikajikaza, nikamuuliza, "Nikihama Nairobi, nikirudi kuishi Mombasa, wewe utaonaje?"

Nikasikia anamuuliza nyanya yake kitu pembeni. Kisha akarudi kwenye simu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sauti yake haikuwa ya kumsalimia mgeni.

"Mama, ukitaka, nyumba ya pili kutoka kwetu inapangishwa."

Kutoka kwetu. Wakuu, mimi nimezaliwa katika nyumba hiyo hiyo ya mama yangu.

Nilitaka kuumia, na niliumia. Lakini nimelala nayo wiki nzima na nimeona ni nafasi kubwa kuliko ninayostahili. Nyumba ya pili ni karibu. Ukisimama mlangoni unaonekana.

Kwa hiyo nauliza wenyeji wa Mombasa humu: kuna ofisi ya clearing inayochukua watu? Hata kwa cheo cha chini, nitaanza upya. Na mliorudi baada ya kukaa mbali na watoto wenu, semeni hapa chini ilichukua muda gani mpaka wakaacha kuwaletea glasi kwenye trei. Msinipe moyo bure, nipeni ukweli tu.