Asiyeruhusiwa Kushauri

Mwanafunzi wetu wa sheria wa mwaka wa nne, hapa kwenye ofisi ya msaada wa kisheria wa bure ya chuo, mjini Leeds, Uingereza, hupiga miayo mdomo ukiwa umefungwa, hadi machozi yamtoke. Digrii yake itamfungulia njia ya uwakili, ila kwa sasa haruhusiwi kumshauri mtu hata choo kiko wapi: anaandika, msimamizi anakagua, barua inatumwa baada ya wiki mbili. Akikiuka, uwakili ausahau.

“Wiki mbili, mwanangu?” alisema Bi Ogden, mteja aliyekuwa mbele yake. “Madalali wa mahakama wananitoa nyumbani Alhamisi! Barua mtaniletea kwenye benchi la bustani?”

Mwanafunzi akapiga mwayo, akamsogezea fomu ya kuiomba mahakama iwazuie madalali. “Mimi sijakushauri kitu, mama. Najisomea tu kwa sauti.”

Msimamizi alipochungulia, fomu ilikuwa imeshajazwa, na wawili hao walikuwa wanailalamikia mvua, kana kwamba hawakuwa wameongea kingine.