Programu Yangu Imemnyima Bibi Mikorosho

Jina langu lifichwe jamani, huku Kibiti tunajuana. Nina miaka ishirini, nachapa barua kwenye duka lenye kompyuta moja na jenereta. Kuandika programu nimejifundisha mwenyewe, kwa kitabu kilichochanika nilichookota kwenye mitumba Dar. Siku kompyuta ilipokubali kujumlisha mbili na tatu niliruka mpaka bosi akadhani nimepigwa shoti.

Basi nikapata kichaa. Nikatengeneza programu ya mirathi. Inakuuliza: wake wangapi? Watoto wa kiume? Wa kike? Sheria nilizinakili kutoka daftari la madrasa la rafiki yangu, ukurasa wa mke na watoto tu, maana ndio niliouelewa.

Masika baba mkubwa akafariki. Mwanawe, kaka Seifu, ambaye nakaa kwake, hakutaka kungoja shehe aliyekwama Mohoro kwa mafuriko. Akaniambia, "We fundi, chapa hapo tumalize." Nikachapa. Karatasi ikatoka, mikorosho yote ya marehemu imegawanywa kwa mjane na watoto.

Bibi, mama wa marehemu, akauliza taratibu, "Mashine inasema kwa mwanangu mimi sina changu?"

Nikamjibu mbele za watu, "Ndivyo hesabu ilivyo, bibi. Kompyuta haikosei."

"Haya, mjukuu wangu. We ndiye uliyesoma."

Juzi nikaazima tena lile daftari, nataka kuiboresha programu. Kufunua ukurasa wa pili: mama wa marehemu anapata sehemu moja ya sita. Kompyuta inajibu ulichoiuliza tu, na mimi sikuiuliza kama marehemu ana mama.

Nikamwambia kaka Seifu. Akacheka, halafu akakunja uso. "Kipande changu nimeshamuuzia mtu wa Dar. Ukifungua mdomo, utafute na pa kulala."

Sasa msimu wa korosho umeanza. Jana bibi kaja dukani na kikapu, kasimama mlangoni kama mgeni. "Mjukuu wangu, hebu iulize hiyo mashine. Zile zilizoanguka zenyewe, naruhusiwa kuokota?"

Nikainamisha kichwa, nikajifanya nachapa. Akangoja, akangoja, akaondoka na kikapu chake kitupu.

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, nianzie wapi? Kwa bibi, kwa shehe, au nikusanye kwanza nguo zangu kwa kaka Seifu? Niambieni, maana hili hata kompyuta siwezi kuiuliza.